Gobore la Mzee Boay na Kibali cha Ng'ombe

Ninyi mliopangiwa vijiji mwaka huu, mkakabidhiwa muhuri, kiti cha miguu mitatu na ofisi ambayo mlango wake unafunguka hata kwa kijiko, naomba mnisikilize kidogo. Mimi nimestaafu. Nipo nyumbani Tlawi, napalilia viazi, na hakuna anayenilazimisha kusema kitu. Nasema kwa sababu juzi mmoja wenu alinipigia simu, akanipa shikamoo vizuri, halafu akauliza: "Mzee Margwe, polisi wakija kuchukua silaha za wananchi wakati wa dharura, mtendaji wa kijiji afanye nini?"

Nikamjibu, "Atafute kaboni."

Akasema, "Asante, mzee, upumzike." Akakata. Nilijua amedhani nimezeeka, na inawezekana ni kweli, lakini jibu lilikuwa sahihi. Haya ndiyo maelezo yake.

Kwanza mjue anayesema ni nani, msije mkanichukua kama wakili. Darasa la saba nilimaliza hapahapa Mbulu. Kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa mtihani wa kujitegemea, nimeketi chumba kimoja na watoto wa rafiki zangu, na cheti nilichopata sikitundiki ukutani. Utendaji wa kijiji nimeufanya miaka mingi, mingi yake upande wa Balangdalalu, kule Hanang. Jina la kijiji silitaji, wala la kituo cha polisi, kwa sababu wahusika wengi bado wapo kazini na hawakuwa watu wabaya. Kila siku niliandika kwenye kaunta buku yaliyotokea. Sikuandika kwa sababu najua kuandika. Niliandika kwa sababu siiamini kumbukumbu yangu. Daftari nalo siliamini sana, maana aliyeliandika ni mimi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Tluway, mtendaji wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Kanuni yake ilikuwa karatasi ya kaboni kwanza, kalamu baadaye. Alisema, "Hata ukimwandikia mke wako kwamba utachelewa, weka kaboni. Iko siku atasema hukumwambia." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Kijiji chetu kilikuwa na kitabu cha vibali vya kuhamisha mifugo. Mtu akitaka kupeleka ng'ombe mnadani au malishoni nje ya kijiji, unamjazia kibali: jina la mwenye mfugo, aina, idadi, jinsia, rangi, alama, anakotoka, anakokwenda, madhumuni, na kama atarudi au hatarudi. Karatasi ya juu anaondoka nayo, nakala inabaki kitabuni. Kibali changu cha kwanza kabisa niliandika, "Rangi: ya kawaida." Yule baba alizuiwa mnadani siku mbili. Pale palikuwa na ng'ombe mia na kitu, na kila mmoja alikuwa wa kawaida. Aliporudi hakunitukana. Alikuja na ng'ombe wake mpaka mlangoni mwa ofisi, akamsimamisha, akaniambia, "Mtendaji, mwangalie. Mwangalie mpaka umjue." Nikamwangalia. Alikuwa mwekundu, ana doa jeupe kama ramani chini ya shingo. Tangu siku hiyo nikashika jambo moja: andika kitu ambacho mgeni akija anaweza kukiona kwa macho yake bila wewe kuwepo.

Sasa dharura yenyewe. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka korongo la juu ya kijiji likabadili njia, likapita katikati ya nyumba za watu. Kwa neema ya Mungu lilipita mchana na watu walikimbia. Tukawahamishia shule ya msingi. Nyumba zikabaki wazi. Kesho yake watu wakifukua vyombo kwenye nyumba moja iliyobomoka walitoa sufuria mbili, kitanda, na bunduki ya marehemu mmoja ambayo hakuna aliyejua kama bado ipo duniani. Ilipita mikononi mwa watu kama kumi, kila mmoja akiipangusa tope na kuisifu, kabla mtu hajauliza kama ina risasi. Ilikuwa nayo.

Kwa hiyo polisi walipotangaza kwamba silaha zote zenye leseni katika vijiji vilivyopigwa na maji zikusanywe zihifadhiwe kituoni mpaka hali itulie, walikuwa na sababu. Hilo naomba mlibebe kwanza. Mtu akianza kwa kulaumu hupoteza nusu ya kesi yake pale pale.

Aliyekuja kuzikusanya ni Sajenti Zuhura, mama mmoja mtu wa Tanga, tope limemfika magotini. Gari lao lilikuwa limekwama ng'ambo ya korongo, na ndani ya gari ndimo kilimobaki kitabu chake cha hati. Kijijini palikuwa na silaha nne za leseni. Wenyewe walikuwa wamejipanga mbele ya darasa la tatu, wa kwanza Mzee Boay na gobore lake.

Mzee Boay ni mkulima wa mahindi na mbaazi. Shamba lake liko ukingoni kabisa, jirani na kichaka, na jirani zake wa upande ule ni nguruwe pori. Gobore lile alilirithi kwa baba yake kwa kufuata taratibu zote, leseni anayo, namba imegongwa kwenye chuma.

"Nalitoa," akasema, "lakini nipe karatasi."

"Karatasi zipo kwenye gari, mzee wangu," akasema Sajenti. "Gari lipo kwenye maji."

"Basi na gobore lipo kwa Boay."

Sajenti akanigeukia. "Mtendaji, huna kitabu chochote chenye nakala?"

Na hapa ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa langu. Ningeweza kurarua karatasi ya daftari, tukaandika maelezo kwa mkono, tukasaini, yakaisha. Lakini mimi ni mtu wa kupenda fomu. Fomu hunipa moyo, naona kama kuna mtu mwenye akili kuliko mimi ameshafikiri. Nikasema, "Ninacho cha vibali vya mifugo."

Akanitazama. Akatazama mvua. "Lete."

Nikaweka kaboni. Nikaanza kujaza. Jina la mwenye mfugo: Boay. Aina: gobore. Idadi: moja. Tukafika kwenye jinsia tukakwama.

"Ruka hapo," akasema Sajenti.

"Siwezi kuruka, afande. Pakiwa wazi kibali kinakuwa batili. Imeandikwa chini hapa."

Mzee Boay akasema, "Andika jike. Linachagua siku."

"Andika dume," akasema Sajenti Zuhura. "Kelele nyingi na kulenga halijui."

Watu waliokuwa wamenyeshewa siku tatu wakacheka kwa mara ya kwanza. Nikaandika dume. Rangi: kahawia, chuma cheusi. Kwenye alama nikaandika namba iliyogongwa, kisha kwa sababu ya yule ng'ombe wa kawaida nikaongeza, "kovu kitakoni upande wa kulia, kama limeng'atwa." Anakotoka: kijijini. Anakokwenda: kituo cha polisi. Tukafika kwenye madhumuni. Fomu ilikuwa na chaguo tatu: kuchinjwa, mnada, malisho.

Hapo Sajenti aliacha mzaha. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe: malisho. Na mbele ya "atarudi au hatarudi" akaandika kwa herufi kubwa ATARUDI. "Mimi nachukua kwa kuhifadhi," akasema. "Ionekane." Akasaini, akaandika cheo na namba yake ya askari. Mzee Boay akasaini. Mwenyekiti wa kitongoji akasaini kama shahidi. Tukaendelea na wale watatu vivyo hivyo. Siku ile kijiji chetu kilipeleka madume wanne malishoni polisi.

Mvua ikaisha, korongo likatulia, watu wakajenga upya juu zaidi. Sajenti Zuhura akahamishwa wilaya nyingine. Mahindi ya Mzee Boay yakaanza kubeba, na nguruwe wakajua kabla ya mtu yeyote. Alinijia ofisini asubuhi na mapema.

"Mtendaji, dume langu limeshiba. Twende tukalichukue."

Tukaenda. Kituoni tukamkuta Koplo Method, kijana nadhifu, ndiye aliyekabidhiwa stoo. Akasema, "Karibuni, habari zenu?" Mzee Boay akamtazama tu, kimya. Koplo akarudia. Kimya. Mimi nikatazama dari. Mwisho Koplo akaelewa: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nipe gobore langu."

Koplo akafungua rejista, akapitisha kidole. "Lipo. Namba ni hii. Lakini hapa limeandikwa limesalimishwa kwa hiari."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mwenyewe amesema halitaki. Silaha zilizosalimishwa zinakwenda kuteketezwa. Lori linakuja Ijumaa ijayo."

Niliona Mzee Boay akishika meza. Ni mtu aliyeona korongo likipita jikoni kwake na hakushika kitu.

Kwa haki niseme Koplo hakuwa mkorofi. Alieleza kwamba wakati wa mafuriko zilikuja silaha nyingi kutoka vijiji vingi, na aliyekuwa anajaza rejista alipewa agizo rahisi: yenye hati ya kuhifadhiwa iandikwe imehifadhiwa, isiyo na hati iandikwe imesalimishwa. "Nipe hati, mzee, nami nitairekebisha hapa hapa."

Mzee Boay akatoa karatasi yake kwenye mfuko wa plastiki wa sukari. Koplo akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena.

"Mzee, hii ni ng'ombe."

"Ni gobore. Soma aina."

"Aina nimesoma. Soma na wewe kichwa cha karatasi. Mimi natoa silaha kwa hati ya silaha. Ng'ombe sina." Akafikiri kidogo. "Nenda kwa bwana mifugo wa kata. Yeye akisema si ya kwake, tutaongea."

Bwana mifugo wetu alikuwa bibi. Daktari Neema, ametoka Kilimanjaro, mchapakazi, buti zake hazikuwahi kukauka. Tulimkuta anaandika ripoti ya karantini, maana wakati huo ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia, na mfugo wowote haukuruhusiwa kutoka wala kuingia. Akakisoma kibali chetu kwa makini kuliko tulivyotegemea.

"Kimepitwa na muda," akasema. "Dume alitoka kwa kibali cha siku saba. Hakurudi. Kwa kanuni zangu ama amechinjwa, ama ameuzwa, ama ameibiwa. Ni lipi?"

"Yuko rumande," akasema Mzee Boay.

"Na hata akiachiwa siwezi kumpa kibali cha kurudi. Karantini."

"Daktari," nikasema, "gobore halina kwato."

"Najua, Mtendaji. Nionyeshe kwenye fomu sehemu ya kuandika kwamba mnyama hana kwato."

Tukakaa. Yeye naye akakaa, na nikaona midomo inamchezacheza. Alikuwa anaona upuuzi wote ule kama sisi, ila alikuwa na wakubwa wake. Mwisho akavuta karatasi yenye nembo, akaandika, akagonga muhuri. Nimenakili kwenye daftari langu, nadhani bila kukosea: "Baada ya kupitia maelezo ya dume tajwa, rangi ya kahawia, chuma cheusi, nathibitisha kitaalamu kuwa dume huyo si mfugo, hachanjwi, na hahusiki na karantini."

Tulirudi kituoni tunatembea kama watu wenye bahati. Koplo Method akaisoma ile barua mara mbili, akaiweka juu ya kibali, akazilinganisha.

"Sasa mambo ni mabaya zaidi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kibali hiki ni cha mfugo. Daktari anasema si mfugo. Basi kibali ni batili. Mara ya kwanza mzee alikuwa na hati ya ng'ombe. Sasa hana hati kabisa."

Vijana, nimefikiria jambo hili kwa muda mrefu na bado siwezi kusema kijana yule alikuwa mjinga. Ukizifuata hatua zake moja moja, kila moja imekaa sawa. Ni mahali zilipofikia tu ndipo pamepotea.

Tulirudi na Mzee Boay mpaka njia panda. Hapo akasema, "Baba alilitunza miaka yote ile. Mimi nitakuwa nimelipeleka kuchomwa kwa miguu yangu mwenyewe." Akageuka kwenda kwake. Siku ile sikula. Niliona nimemwandikia karatasi ya kumuua ng'ombe ambaye hata si ng'ombe.

Jumatatu yake nilimchukua tukaenda mjini kwa msaidizi wa kisheria. Wengi wenu hamwajui watu hawa. Si mawakili, lakini wamefundishwa, na wanasaidia wananchi bila malipo. Wetu aliitwa Bi. Anna, mtu wa Masieda, ofisi yake ni pembe moja ya chumba cha cherehani. Alisoma kibali huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Alipofika kwenye "malisho, ATARUDI" mguu ukasimama.

"Nani ameandika hapa? Mwandiko ni mwingine."

"Sajenti mwenyewe."

"Basi mnalia nini?" Akakiinua kile kibali. "Sheria inataka polisi akichukua mali ya mtu atoe stakabadhi. Ionyeshe nani kachukua, kachukua nini, kwa nani, lini, na saini za mwenye mali, askari na shahidi. Hiyo yote ipo hapa. Sheria haikusema kitabu kiwe na picha gani kwenye jalada. Ingeandikwa kwenye boksi la sabuni ingekuwa stakabadhi. Na kusalimisha kwa hiari ni lazima mwenyewe aseme ninasalimisha. Huyu aliandikiwa atarudi. Mtu hasalimishi kitu kinachorudi."

Mzee Boay akasema, "Huyu binti ana akili kuliko serikali."

"Serikali nayo ni hii hii, babu. Sheria ni ya serikali." Ndipo akatueleza njia, na mimi niliandika haraka, kwa hiyo mkiona nimekosea mwulizeni mwanasheria. Alisema dharura inaweza kumpa polisi sababu ya kukaa na mali yako, lakini haikunyang'anyi umiliki. Uanze kwa barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ukiambatisha nakala ya leseni na stakabadhi, na useme wazi unachotaka: isiteketezwe, irudishwe, au upewe sababu kwa maandishi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa palepale, usiondoke bila huo muhuri. Akikataa au akikaa kimya, unapanda kwa mkubwa wake wa mkoa. Ikishindikana unaitumia serikali notisi ya siku tisini kwamba utaishtaki. Na uamuzi wenyewe unaweza kuombwa uangaliwe upya Mahakama Kuu, ila muda wa kuomba huhesabiwa kwa miezi, ukilala umepita. Kama kitu kinakaribia kuharibiwa, wakili akimbilie mahakama kuomba kisiguswe kwanza. "Na msithubutu kwenda kulichukua wenyewe," akamalizia. "Hapo mtakuwa mmewasaidia kupata kesi ya kweli."

"Lori ni Ijumaa," nikasema.

"Basi barua ni leo. Lakini Mtendaji, karatasi ya mzee peke yake haitoshi, wanaweza kusema kaijaza nyumbani. Nakala iko wapi?"

Nakala ilikuwa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kwenye kabati langu. Hapa niseme ukweli wangu mdogo. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Kitabu cha vibali vya mifugo ni nyaraka ya serikali, na mimi nilikuwa nimeitumia kuhamisha bunduki. Nililala na wazo kwamba ningeweza kusema kitabu kilipotea kwenye mafuriko. Vitu vingi vilipotea, nani angeuliza? Nililiandika hilo wazo kwenye daftari. Asubuhi nilipolisoma kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikaona aibu. Nikakichukua kitabu.

Mkuu wa Polisi wa Wilaya alitupokea Jumatano. Mtu mzima, miwani, chai ya maziwa mezani. Alisoma barua yetu, akasoma ya Daktari Neema, akasoma kibali. Koplo Method alisimama pembeni na rejista.

"Mtendaji, aliyeandika dume huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande. Nilitumia kitabu kisichohusika. Kosa ni langu, mzee hana kosa, na Koplo naye alifuata rejista aliyoikuta."

Koplo akanitazama kwa mshangao, nadhani hakutegemea kutetewa.

"Na jinsia? Nani aliamua?"

"Sajenti Zuhura, afande."

Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Baada ya salamu akasema, "Sajenti, mwaka wa mafuriko ulipokea gobore la mwananchi kwa kibali cha ng'ombe?"

Kisha sauti ya Tanga ikajaa ofisi nzima: "Ndiyo, afande. Dume, kahawia, lina kovu kitakoni. Nililipeleka kuhifadhiwa. Kwani bado halijarudi?"

Mkuu akavua miwani, akajifuta machoni. Alipoivaa tena alikuwa mkuu. Akafungua kitabu changu, akaona nakala nne, bluu ya kaboni imekolea kila saini. Wawili kati ya wale wenzake Mzee Boay walikuwa wameshapoteza karatasi zao za juu. Ya mmoja ilifuliwa ndani ya shati, wa pili alifungia ugoro. Bila zile nakala wasingekuwa na neno. Mkuu akaandika kwenye barua yetu: rejista irekebishwe, silaha zote nne zirudishwe kwa wenye leseni, lori lisizipakie. Kwangu akasema, "Na wewe nitamwandikia mkurugenzi wako barua." Akaandika kweli. Nilipewa onyo la maandishi, nimelihifadhi, na nakala yake.

Angeweza kukataa. Hilo mlijue. Angekataa tungepanda ngazi zile zote, na huenda gobore lingeshaungua tukabaki kudai fidia ya majivu. Sisi tulipata mtu aliyepiga simu. Msijenge kazi yenu juu ya kupata mtu wa namna hiyo. Jengeni juu ya karatasi, akitokea mtu mzuri iwe nyongeza.

Koplo alilitoa gobore stoo siku hiyo hiyo. Akaandika hati ya kurudisha, ya silaha, yenye kichwa sahihi. Mzee Boay akalikagua, akapitisha kidole kwenye lile kovu.

"Amekonda," akasema.

"Mchwa, mzee," akasema Koplo. "Samahani." Kisha, bila kuombwa, "Shikamoo, mzee, safari njema."

Tulitembea kwa miguu. Kwenye kizuizi cha karantini mlinzi akatusimamisha, akaomba karatasi zetu, na Mzee Boay kwa fahari akampa zote kwa pamoja, kibali kikiwa juu.

"Mzee, madume hayapiti. Karantini."

"Soma ya chini yake."

Mlinzi akasoma barua ya Daktari Neema mpaka mwisho, midomo ikitembea. Akalitazama gobore begani, akalitazama tena. Akainua mti wa kizuizi. "Kama hachanjwi, apite," akasema. "Ila asile mahindi ya watu."

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumtembelea shambani, jua linaelekea kushuka. Nguruwe walikuwa wameshatoka kichakani, sita au saba, daftari linasema wanane. Mzee Boay akalishusha gobore begani, akalijaza baruti taratibu, akalenga, mimi nikaziba masikio.

Lilisema "tk". Akajaribu tena. "Tk."

Akalitundika begani bila haraka, akachukua debe lililokuwa limening'inizwa kwenye mti wa uzio, akalipiga kwa rungu mpaka nguruwe wakakimbia na masikio yangu yakalia.

"Mzee," nikasema, "tumezunguka kote kule, Daktari, mjini, kwa Mkuu, mimi nimepata onyo, halafu haliwaki? Mchwa wameliharibu?"

"Mchwa wamekula mti. Chuma kilishaharibika enzi za baba."

"Na hukuniambia?"

Akapangusa vumbi kwenye lile kovu kwa kiganja.

"Mtendaji, siku zote zile, kuna siku nilikuambia linawaka? Nilikuambia ni langu."